Umekosa Udaktari? Usitume Fomu Ileile Mara ya Pili

Kila mwaka majina ya waliopangiwa vyuo yakitoka, simu yangu haitulii. Wasee wananiandikia usiku, na swali ni lilelile: "Nimekosa udaktari. Sasa niombe wapi tena?"

Mimi si mshauri wa mtu. Mimi mwenyewe niliachwa kwa mataa, tena mara mbili. Mara ya kwanza nilijaza udaktari katika vyuo vitatu vyenye majina makubwa, vile ambavyo ukivitaja kwa harusi ya shangazi kila mtu anageuka. Nikakosa. Dirisha la kurekebisha machaguo likafunguliwa, na mimi kwa ujuaji wangu nikajaza vyuo vilevile vitatu, nikabadilisha tu mpangilio. Nikakosa tena, nikatupwa kwa kozi ambayo sikuwa hata nimeiota.

Miezi kadhaa baadaye, hasira zikiwa zimepoa, ndio nikakaa chini na kuangalia vyuo vingine vilifungia kwa pointi ngapi. Kulikuwa na kimoja, mbali na Nairobi, ambacho pointi zangu zilikuwa zinatosha. Manze, nilikuwa nimekiona kwenye orodha! Nilikiruka kwa sababu sikujua mtu yeyote anayesoma huko, na huo mji sikuwa nimewahi kufika.

Hiyo iliniuma kuliko kukosa kwenyewe. Na ndiyo iliyonifanya nianze kusoma habari za watu wa zamani waliofungiwa milango ya shule za udaktari. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: walipokataliwa, walichaguaje pa kwenda kujaribu tena?

Wa kwanza kukutana naye ni Elizabeth Blackwell. Alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1821, familia yake ikahamia Marekani. Alikuwa mwalimu, akiweka akiba ya karo na kuazima vitabu vya madaktari waliokubali kumfundisha kando. Mwaka 1847 akaanza kuomba nafasi. Akaanza na vyuo vikubwa vya Philadelphia na New York, kama mimi tu. Vyote vikamkataa kwa sababu ni mwanamke. Kuna waliomshauri aende Paris, na hata ajifanye mwanamume.

Sasa angalia alichofanya. Hakurudi kugonga milango ileile. Aliandika orodha mpya ya vyuo 12 vidogo vya mashambani. Kimoja kilikuwa Geneva Medical College. Hii si Geneva ya Uswisi, ni mji mdogo katika jimbo la New York. Walimu wa pale hawakutaka kubeba lawama, wakawaachia wanafunzi waamue: mmoja tu akipinga, binti haingii. Wanafunzi wakadhani ni mzaha, wote wakapiga kura ya ndiyo. Mnamo Januari 1849 Elizabeth alihitimu, mwanamke wa kwanza kupata digrii ya udaktari Marekani.

Watu wengi wakisimulia hii stori huishia hapo, wakapiga makofi. Lakini mimi naona mwalimu wangu ni mdogo wake, Emily.

Emily naye alitaka udaktari. Ungedhani kazi yake ni rahisi: si dada ameshafungua njia? Akaomba Geneva, chuo kilekile. Wakakataa. Akakataliwa na vingine pia, kisha mwaka 1852 chuo cha Rush, Chicago, kikamkubali. Akasoma mwaka mmoja, halafu chama cha madaktari cha jimbo la Illinois kikakigombeza chuo kwa kumchukua mwanamke, na mwaka wa pili Emily hakuruhusiwa kurudi. Hebu jiweke hapo. Umeshalipa, umeshasoma mifupa yote ya mwili, halafu unaambiwa shika begi. Akaanza kuomba tena, akapata nafasi Cleveland, katika chuo cha Western Reserve, akamaliza mwaka 1854.

Kwa hivyo ukisikia "omba pale, binamu yangu alipita pale", kumbuka hawa dada wawili. Mlango uliomfungukia mwingine mwaka juzi unaweza kuwa na kufuli mpya mwaka huu. Alama za mwisho za mwaka jana zinakupa picha, hazikupi ahadi.

Halafu kuna Sophia Jex-Blake. Huyu ndiye ningependa kila mtu aliyekosa amjue.

Sophia alikuwa Mwingereza, alizaliwa mwaka 1840. Aliomba Harvard mwaka 1867, akakataliwa. Akaanza masomo New York, kwenye chuo kipya cha wanawake cha kina Blackwell, lakini baba yake akafariki na ikabidi arudi nyumbani. Mwaka 1869 akaomba Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Walimu wengi walikuwa tayari kumsikiliza, lakini wakubwa wa chuo wakasema hapana, na wakatoa sababu: hatuwezi kupanga masomo maalum kwa ajili ya mwanamke mmoja.

Mimi ningelia, nipige picha ya ile barua, niiweke mtandaoni na kilio juu yake. Sophia aliisoma tena. Mmesema tatizo ni mmoja? Sawa. Akatangaza magazetini akitafuta wanawake wengine wanaotaka kusoma udaktari. Wakajitokeza. Akaomba upya chuo kilekile, safari hii wakiwa kikundi, na ile sababu ikawa haina miguu. Mtihani wa kuingia ulifanywa na wanawake 5, na 4 kati yao wakawa miongoni mwa watahiniwa 7 bora. Baadaye idadi yao ikafika 7, ndiyo maana historia inawaita Saba wa Edinburgh.

Unaona tofauti yake na mimi? Sote tuliomba mahali palepale mara ya pili. Yeye alirudi akiwa amebadilisha kile kitu kilichomfungia nje. Mimi nilirudi na pointi zilezile, nikitumaini kompyuta itanionea huruma.

Lakini sitawadanganya ati mambo yalienda poa. Novemba 1870 walipokuwa wakienda kufanya mtihani katika jumba la Surgeons' Hall, walikuta umati wa wanaume umefunga lango. Wakatupiwa matope na matusi, na walipoingia ndani, kuna waliosukuma kondoo ndani ya chumba cha mtihani. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1873 wakapoteza. Mahakama ikasema chuo hakikuwa hata na mamlaka ya kuwapokea. Miaka minne, na digrii hakuna.

Hapo ndipo somo la pili linapoingia, na hili linahusu karatasi.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1858 ilikuwa imeweka daftari la madaktari. Ili uandikwe, ulihitaji cheti cha taasisi ya Uingereza au Ireland. Sophia angeweza kwenda Ulaya mapema, apate digrii, arudi, na bado asihesabike kama daktari nyumbani. Kwa hivyo alicheza kotekote. Mwaka 1874 alishiriki kuanzisha shule ya udaktari ya wanawake London. Mwaka 1876 Bunge likapitisha sheria ya kuruhusu taasisi za kutoa leseni ziwakubali wanawake. Januari 1877 akapata digrii Bern, Uswisi. Mwaka huohuo chuo cha madaktari cha Dublin kikamkubali kufanya mtihani wake, akapita, na jina lake likaingia kwenye daftari. Bern ilimpa elimu yenye muhuri, Dublin ikampa ruhusa ya kutibu. Mwaka 1878 akafungua kliniki yake. Wapi? Edinburgh. Na mwaka 2019 chuo kilichowanyima wale saba kikawapa digrii za heshima, wote wakiwa kaburini kitambo.

Kuna wengine ambao hata orodha ya vyuo vidogo vya nyumbani haingewasaidia. James McCune Smith alizaliwa New York mwaka 1813 akiwa mtumwa, akapata uhuru jimbo lilipomaliza utumwa mwaka 1827. Kichwa chake kilikuwa moto, lakini vyuo vya udaktari vya Marekani havikumtaka kwa sababu ni Mweusi. Watu wa jamii yake walichanga, akavuka bahari hadi Glasgow mwaka 1832. Na Glasgow si ati ilikuwa mji wa malaika, ulikuwa umetajirika kwa tumbaku na sukari ya jasho la watumwa. Lakini pia ulikuwa na harakati kali ya kupinga utumwa, na yeye akajiunga nayo. Mwaka 1837 alimaliza na digrii ya udaktari, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata, akarudi New York, akafungua kliniki na duka la dawa. Ukiona nchi nzima imekufungia, kwenda mbali si kuhepa. Cha kujua ni kama utaruhusiwa kufanya kazi ukirudi.

Sisi wa hapa hilo tunapaswa kulijua kuliko wote. Mafunzo ya udaktari yalianza Makerere mwaka 1924, na vijana wa Kenya walikuwa wakipanda treni kwenda Kampala. Wakimaliza, serikali ya mkoloni iliwapa kazi kama wasaidizi wa madaktari, na mshahara wa chini kuliko Mzungu. Uingereza ilikuja kuitambua karatasi ya Makerere mwishoni mwa miaka ya 1950. Shule ya udaktari ya Nairobi ilianza mwaka 1967, na ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla ya ile ya Moi, Eldoret, kupokea wanafunzi. Yaani wazazi wetu wakikosa Nairobi, walikuwa wamekosa nchi nzima. Leo vyuo vya udaktari Kenya vimezidi kumi, na bado mimi nilijaza vitatu tu, mara mbili.

Najua kuna atakayesema: "Wewe hukukataliwa kwa sababu ya rangi wala jinsia, usijilinganishe." Ni kweli. Mimi nilikosa kwa pointi, na viti ni vichache kuliko wanaovitaka. Najua pia kuna wengi wa enzi hizo walioomba kila mahali wasipate, na hakuna aliyeandika majina yao. Siwezi kukuambia ukichagua vizuri lazima utaingia. Ninachosema ni kwamba kila hapana ina sababu yake, na chaguo lako la pili lianzie kwa hiyo sababu. Ni pointi? Tafuta chuo ambacho pointi zako zinafika, hata kama marafiki hawakijui. Ni alama ya somo moja? Hiyo haitatibiwa na kubadilisha chuo, labda urudie mtihani, au upitie diploma ya utabibu kisha upande polepole. Ni karo? Basi orodha yako ipangwe kwa karo, si kwa jina.

Sasa niwaambie kwa nini naandika haya leo.

Mathe ana kiploti kidogo aliachiwa na babu. Mwaka huu alitaka kukiuza ili nisome. Kuna wakala mmoja alikuwa ametuletea karatasi zenye rangi nzuri, chuo cha ng'ambo, nafasi iko tayari, tulipe tu amana kabla ya mwisho wa mwezi. Mathe alikuwa ameshaongea na mnunuzi. Nilikuwa nimetoka kusoma habari za Bern na Dublin, kwa hivyo nikamuuliza yule wakala swali moja: nikimaliza huko, hapa Kenya watanitambua? Kwa sababu waliosomea nje wana mtihani wa baraza la madaktari, KMPDC, kabla ya kusajiliwa, na baraza lazima litambue chuo chenyewe. Akasema hayo ni mambo madogo, tutayaona mbele. Nikamwambia anionyeshe jina la chuo kwa maandishi ya baraza. Mpaka sai hajarudi, na simu zake zimepungua.

Ploti bado ipo. Lakini shamba linauzwa mara moja tu, na mathe hatapata lingine.

Wiki iliyopita nimeomba upya kama mwanafunzi wa kujilipia, vyuo viwili, vyote vya hapa nyumbani. Niliwapigia kwanza, nikauliza wanaangalia nini na karo ya miaka yote sita ni ngapi, nikaandika kwa daftari, nikakaa na mathe na mjomba tukahesabu. Kimoja ni kile nilichokiruka. Safari hii nilipanda matatu nikaenda kuuona mji wenyewe. Kuna baridi, kuna hospitali kubwa ya rufaa yenye foleni ya wagonjwa kutoka asubuhi, na chapati za pale nje ya lango ni kubwa kuliko za Nairobi.

Jibu halijatoka. Likitoka, liwe ndiyo au hapana, nitaisoma hiyo barua hadi mwisho.