Simu za programu huria na vita vya kuhifadhi kawi ya betri

Mtu anayenunua simu ya rununu inayoendeshwa kwa programu huria huvutiwa hasa na uhuru: msimbo wa simu yake uko wazi, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuusoma, kuukosoa na kuurekebisha. Hata hivyo, swali linalomkabili siku ya kwanza kabla ya jua kutua huwa ni la kawaida mno: je, betri itafika jioni? Simu iliyozimika haipokei habari ya mgonjwa aliyezidiwa usiku, hata kama msimbo wake wote ni wa umma.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Betri ya miliampia-saa 1,200 ikinyonywa miliampia 200 mfululizo hukauka baada ya saa sita. Ikinyonywa miliampia 10 pekee, hudumu siku tano. Tofauti kati ya saa sita na siku tano haitokani na ukubwa wa betri, bali na namna simu inavyolala wakati hakuna anayeitumia. Simu ya kawaida hukaa mfukoni au mezani sehemu kubwa ya siku, na hapo ndipo kawi huokolewa au hupotezwa.

Mradi wa kwanza kujulikana sana katika uwanja huu ni Openmoko, ulioanzishwa mwaka wa 2006 chini ya kampuni ya FIC ya Taiwan. Simu yake ya kwanza, Neo 1973, iliuzwa kwa watunzi wa programu kuanzia Julai 2007. Jina hilo lilikumbuka mwaka ambapo Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alipiga simu ya kwanza kwa chombo cha kushikwa mkononi. Mwaka wa 2008 ilifuatwa na Neo FreeRunner, yenye betri ya miliampia-saa 1,200, kichakataji cha Samsung cha megahazi 400 na modemu ya Calypso iliyotengenezwa na Texas Instruments. Modemu hiyo ilikuwa ya kizazi cha pili pekee, na simu haikuwa na kamera.

Wanunuzi wa simu za Neo hawakukawia kugundua kwamba betri iliyokauka kabisa ilikuwa balaa. Kanuni za USB huruhusu kifaa kisichojitambulisha kuchukua miliampia 100 tu kutoka kwa tarakilishi; kikishajitambulisha na kukubaliwa, huweza kuchukua hadi 500. Ili ijitambulishe, simu ililazimika kwanza kuwaka, na ili iwake, ilihitaji umeme zaidi ya hizo miliampia 100. Ikawa kama mtu anayeagizwa alete ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Nyaya zilichomekwa, usiku ukapita, na asubuhi simu ilikuwa ingali mfu.

Suluhisho moja la haraka lingemfurahisha fundi yeyote wa simu wa Nairobi au Mombasa. Tundu la betri la Neo lilikubali betri ya Nokia ya aina ya BL-5C, ile ile iliyojaa katika simu za bei nafuu kote Afrika Mashariki. Mwenye Neo iliyokauka aliweza kuazima betri iliyochajiwa ndani ya Nokia, akaiwasha simu yake, kisha akairudishia betri yake na kuichaji. Baadaye programu ya kuwashia simu ilirekebishwa ili tatizo lipungue.

Kasoro iliyojulikana zaidi ilipewa nambari 1024 katika orodha ya hitilafu za mradi huo. Modemu ya FreeRunner ilipoingia katika usingizi mzito ili kuokoa kawi, ilipoteza mtandao, ikajisajili upya, ikaupoteza tena, na kuendelea hivyo. Kila usajili hudai modemu izungumze na mlingoti wa mawasiliano, na kuzungumza hula umeme mwingi kuliko kusikiliza. Hivyo basi, hatua iliyokusudiwa kuhifadhi betri ndiyo iliyoimaliza, na zaidi ya hayo mwenye simu alikosa kupatikana.

Kwa kuwa kila kitu kilikuwa wazi, watumiaji walichunguza wenyewe. Njia ya kwanza ilikuwa amri moja ya kuikataza modemu isilale usingizi mzito: simu zikaingia vizuri, ila betri ikaisha mapema. Njia ya pili ilidai chuma cha kuchomelea risasi, kwa maana ilihusu kubandua kapasita moja ndogo katika bodi na kuweka nyingine ya mikrofaradi 22. Wapo waliokusanyika na kufanyiana kazi hiyo. Uhuru wa aina hii una gharama yake, na si kila mnunuzi wa simu alitarajia kufundishwa kuchomelea. Openmoko ilipunguza wafanyakazi na kusitisha simu iliyokusudiwa kufuata mwaka wa 2009.

Mwaka huo huo Nokia ilitoa N900, iliyotumia mfumo wa Maemo uliojengwa juu ya Linux, ikiwa na betri ya miliampia-saa 1,320. Wahandisi wake walifuata njia tofauti. Badala ya kuilaza simu nzima, waliacha kichakataji kisinzie kwa vipindi vifupi kila kilipokosa kazi. Njia hii hufaulu iwapo programu zote zina adabu. Programu moja inayoamka mara kumi kwa sekunde kuchungulia kama kuna jipya hutosha kuharibu usingizi wa simu yote. Kwa bahati nzuri, kifaa cha kuwanasa wakorofi hao kilikuwapo tayari: PowerTOP, programu ya Intel iliyotolewa mwaka wa 2007, huonyesha ni nani anayekiamsha kichakataji na mara ngapi.

Android, ambayo kiini chake pia ni Linux, haikutaka kutegemea adabu. Simu yake hulala kila inapoweza, na programu inayotaka ikae macho sharti ishike kibali maalumu. Wasimamizi wa Linux walipoletewa msimbo wa vibali hivyo walibishana na Google kwa muda mrefu, hasa mwaka wa 2010, wengine wakidai kwamba ni njia ya mkato ya kufunika programu mbovu. Maelewano yalipatikana katika toleo la Linux 3.5 mwaka wa 2012, lililoingiza utaratibu unaokaribiana na ule wa Google. Ubishi huo unaonekana kuwa wa wataalamu watupu, lakini matokeo yake yamo katika karibu kila simu ya Android inayouzwa madukani.

PinePhone ya shirika la Pine64, iliyoanza kuwafikia wanunuzi Januari 2020, ilifufua ndoto ya Openmoko kwa bei ya dola 149. Kichakataji chake, Allwinner A64, hakikuundwa kwa ajili ya simu, na mwanzoni betri yake ilikuwa kichekesho. Mabadiliko makubwa yaliletwa na programu huria iitwayo Crust. Ndani ya A64 mna kichakataji kingine kidogo sana ambacho watu wengi hawakukijali. Crust hukifanya kiwe bawabu: viini vinne vikubwa huzimwa, kumbukumbu hubaki hai kwa umeme kidogo, na bawabu husubiri ishara ya modemu, saa au kitufe. Simu iliyokuwa ikiisha kwa saa chache za kukaa bure ikaweza kukesha nayo.

Usingizi huo una adhabu yake. Simu inapopigwa, modemu humgutusha bawabu, naye huviamsha viini, na mfumo huchukua muda kujikusanya kabla ya kulia. Anayepiga anaweza kusikia miito kadhaa huku mpigiwa akisikia mmoja wa mwisho, au asisikie kabisa. Arafa fupi, kama zile za M-Pesa, hupitia modemu na hivyo huiamsha simu. Ujumbe wa programu za mtandao wa intaneti haufanyi hivyo kwa urahisi. Apple na Google zina mitambo ya kati inayobeba taarifa za programu zote kupitia muunganisho mmoja. Simu huria isiyo na huduma kama hiyo huchagua kati ya kukaa macho na kupokea ujumbe ikiamka.

Mwenye simu ya aina hii ana faida moja ambayo wengine hunyimwa: anaweza kupima. Linux huandika hali ya betri katika mafaili yaliyo chini ya /sys/class/power_supply, na pale ambapo simu ina kipimo, mkondo wa umeme husomwa humo. Punguza mwangaza wa skrini, soma. Zima Wi-Fi, soma tena. Kwa kawaida skrini ndiyo mlaji mkuu simu inapotumika, nayo modemu huongoza simu inapokaa. Mahali penye mawimbi hafifu, modemu hupaza sauti yake ili ifikie mlingoti, kwa hiyo kijijini chenye mtandao wa kubahatisha ni heri kuikatia mawasiliano kabisa hadi yanapohitajika kuliko kuiacha itafute mchana kutwa.

PinePhone hurahisisha jambo hilo kwa swichi ndogo zilizo chini ya kifuniko cha nyuma, zinazokata modemu, Wi-Fi, kipaza sauti na kamera. Ziliwekwa kwa ajili ya faragha, lakini kifaa kilichokatiwa umeme hakili chochote. Betri yake pia hutolewa kwa mkono, na ina umbo la zile za Samsung Galaxy J7, kwa hivyo anayesafiri mbali na stima anaweza kubeba ya pili iliyojaa mfukoni.