Nani Ataigiza Mwuaji?



Leo tunazungumza juu ya sinema. Najua wengi wenu hamna hata turubai isiyovuja, seuze televisheni. Lakini katika kambi nyingi kuna vijana wanaocheza michezo ya kuigiza juu ya amani, na kila mara jambo moja linawashinda: nani ataigiza mwuaji? Aseme kwa matamshi ya wapi? Apewe jina gani? Mkimpa jina la watu fulani, mchezo wa amani unaweza kuisha kwa ngumi. Msipompa jina lolote, waliofiwa watauliza kama mnamficha. Wengine wamelipitia tatizo hili kabla yetu. Kwa hiyo nitawapeleka mbali, Ireland ya Kaskazini. Kule hakuna ndugu yetu aliyekufa, basi tutaweza kutazama bila hasira.

Ireland ya Kaskazini ni sehemu ndogo ya ufalme wa Uingereza. Wakati wa vita ilikuwa na watu kama milioni moja na nusu. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 mpaka mapatano ya tarehe 10 Aprili 1998, watu zaidi ya 3,500 waliuawa. Inasemwa kwamba Wakatoliki na Waprotestanti walipigana juu ya dini. Msikubali upesi. Hawakuuana juu ya ubatizo wala juu ya Bikira Maria. Waligombania nchi iwe chini ya nani, kura, kazi, na nyumba za serikali. Dini ilikuwa alama tu ya kumtambua mtu, kama vile kwetu jina la babu au namna ya kutamka neno moja. IRA walitoka kwa Wakatoliki, UVF na UDA kwa Waprotestanti, na askari wa serikali walikuwa katikati. Nao pia waliua.

Sasa sikieni jambo hili, hasa ninyi mnaopenda redio. Mwezi wa Oktoba 1988 serikali ya London ilikataza redio na televisheni kutoa sauti za wasemaji wa vyama na makundi 11. Picha iliruhusiwa, sauti hapana. Watangazaji wakatafuta ujanja: wakawaita waigizaji wasome maneno yale yale, neno kwa neno, huku midomo ya mwenyewe ikicheza kwenye picha. Gerry Adams, kiongozi wa chama cha Sinn Féin, akawa anazungumza kwa koo la mtu mwingine! Hayo yalidumu karibu miaka 6, mpaka Septemba 1994. Tunaweza kucheka, lakini sisi wa Maziwa Makuu tunaikumbuka RTLM ya Kigali ya mwaka ule ule wa 1994, na tunajua sauti inaweza kufanya nini. Siwezi kusema kwamba kila mdomo uachwe wazi. Nasema tu kwamba walifunga sauti, na wauaji wakaendelea kupata vijana.

Watu wa sinema walijaribu njia nyingine. Mwaka 1989 BBC ya Ireland ya Kaskazini ilionyesha filamu ya dakika 39 iitwayo Elephant, yaani Tembo, iliyotengenezwa na Alan Clarke. Ndani yake watu 18 wanauawa. Hakuna hadithi, na maneno karibu hakuna. Mtu anatembea, unasikia viatu vyake, anaingia mahali, anapiga risasi, anatoka. Kisha kamera inabaki na maiti, muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Hakuna jina, hakuna upande. Wengi walikasirika: kwa nini hamtuambii sababu? Jina la filamu lilitokana na usemi wa mwandishi Bernard MacLaverty, kwamba vita ile ilikuwa kama tembo aliyesimama sebuleni na wenye nyumba wamemzoea. Mimi naiheshimu filamu hiyo. Lakini mama aliyempoteza mtoto wake itamsaidia nini? Yeye anajua kwamba mwuaji alikuwa na jina.

Kuna filamu iliyokwenda upande wa pili kabisa, Resurrection Man ya mwaka 1998. Ilichukua mambo ya genge la Belfast lililokuwa likikamata watu usiku kwa sababu tu walikuwa wakipita njia ya Wakatoliki, na kuwaua kwa visu. Mwaka 1979 watu 11 wa genge hilo walihukumiwa kwa mauaji 19. Katika filamu mwuaji ni kijana mzuri wa sura, mpenzi wa filamu za majambazi wa Marekani. Hapo mimi sikubali. Kijana wa miaka 15 akitazama, atatamani koti lile na mwendo ule. Wale waliokufa anawasahau kabla hajafika nyumbani.

Sasa tusikie walivyofanya vizuri. Tarehe 30 Januari 1972, katika mji wa Derry, askari wa Uingereza waliwapiga risasi watu waliokuwa wakiandamana. Walikufa 13 siku ile, na mwingine baadaye. Mwaka 2002 Paul Greengrass alitoa filamu Bloody Sunday juu ya siku hiyo. Watu wa Derry wenyewe waliigiza waandamanaji, na watu waliowahi kuwa askari wa Uingereza waliigiza askari. James Nesbitt, mwigizaji aliyelelewa Kiprotestanti, alikuwa Ivan Cooper, mbunge Mprotestanti aliyesimama mbele ya maandamano ya Wakatoliki. Miaka 8 baadaye, Juni 2010, uchunguzi wa serikali ulikubali kwamba waliouawa hawakuwa tishio kwa askari, na waziri mkuu David Cameron akaomba radhi bungeni.

Lakini filamu ninayotaka mwikumbuke ni Five Minutes of Heaven ya mwaka 2009. Mwaka 1975, katika mji wa Lurgan, Alistair Little, kijana wa miaka 17 wa UVF, alimpiga risasi Jim Griffin, Mkatoliki wa miaka 19, ndani ya nyumba yake. Mdogo wake Jim alikuwa nje akicheza mpira. Aliona. Little alifungwa miaka 12. Mwandishi Guy Hibbert alizungumza kwa muda mrefu na Little, na mbali kabisa na mdogo wa marehemu, kwa sababu hao wawili hawakuwa wamekutana. Kila mmoja alimwuliza: mngekutana, ingekuwaje?

Sehemu ya kwanza ya filamu inaonyesha mauaji yenyewe. Sehemu ya pili ni ya kubuni: watu wa televisheni wanataka kuwakutanisha wawili hawa mbele ya kamera. Wana chai, wana taa, wana maneno laini ya upatanisho. Ndugu wa marehemu amekuja na kisu. Wasikilizaji, mmewaona wageni wanaofika kambini na magari, wanaotaka mkumbatiane wapige picha. Filamu hii inawaonyesha wazi. Ndugu yule hakumbatii mtu.

Na mwuaji? Hakufanywa shetani, wala hakusafishwa. Anaeleza kwamba alitaka kuingia baa apigiwe makofi na watu wa mtaa wake. Kisha anasema kwamba kijana aliyekwisha kuingia kundini hawezi kusikia sauti ya adui. Wa kumzuia ni watu wa upande wake mwenyewe, na yeye hakuisikia sauti hiyo. Wazee na viongozi, neno hilo ni lenu kuliko la vijana. Kule Lurgan baa ilijaa watu wazima.

Tena, ni nani aliyeigiza? Mwuaji Mprotestanti aliigizwa na Liam Neeson, aliyelelewa Kikatoliki. Ndugu wa Mkatoliki aliyeuawa aliigizwa na yule yule James Nesbitt, Mprotestanti. Kila mmoja alivaa jeraha la upande wa pili.

Vijana wa michezo, kabla ya kugawana nafasi za kuigiza, nendeni kwanza kwa waliofiwa pale kambini. Waonyesheni mchezo wakiwa peke yao, bila wageni. Wakisema sehemu fulani itolewe, itoeni.