Vibarua na Wapangaji: Mapambano ya Majengo Marefu Mjini Sydney, 1971–1975

Suala la makazi ya mijini hutazamwa na makada wengi kama jambo la ufundi tu. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini wakazi wa mtaa fulani wanapinga kujengwa jengo la ghorofa nyingi, hujibu upesi kwamba wakazi hao wanaogopa maendeleo. Jibu hilo ni la kibwanyenye, hata kama analolitoa ni mtoto wa mkulima. Linalichukulia jengo kama kitu kisicho na mwenyewe, kana kwamba zege huamua lenyewe liende juu kiasi gani na nani akae ndani yake. Engels alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1872 alipoandika juu ya suala la makazi: mabepari hawalimalizi tatizo la nyumba za wafanyakazi, wanalisukuma tu kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Katika historia ya karne ya 20 ni mifano michache inayolionyesha hilo waziwazi kama mapambano ya mji wa Sydney, Australia, kati ya 1971 na 1975.

Hali halisi ya uchumi wa mji huo ilikuwa hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mitaji mikubwa, ya ndani na ya kutoka nje, ilimiminika katika biashara ya ardhi na majengo kwa sababu huko ndiko faida ilikopatikana haraka. Serikali ya Jimbo la New South Wales, iliyoongozwa na Robert Askin tangu 1965 hadi 1975, ilikuwa rafiki wa mitaji hiyo. Mitaa ya zamani iliyokuwa karibu na bandari, yenye nyumba za safu zilizoungana ukuta kwa ukuta, ilikaliwa na makuli, mabaharia, wazee wa pensheni na wasanii maskini. Kodi ilikuwa ndogo. Lakini ardhi iliyokuwa chini ya nyumba hizo ilikuwa imepanda thamani mno, na katika ubepari ardhi ikipanda thamani, aliye juu yake bila hati hana budi kuondoka.

Nguvu iliyosimama dhidi ya mpango huo ilitoka mahali ambapo wengi hawakupatazamia, yaani katika chama cha vibarua wa ujenzi. Hawa ndio waliochimba misingi, waliomwaga zege, waliofunga majukwaa na kubomoa kuta. Watu waliodharauliwa hata na mafundi wenzao. Mwaka 1968 walimchagua Jack Mundey, mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Australia, kuwa katibu wa tawi lao la New South Wales. Pamoja naye walikuwapo Bob Pringle, rais wa tawi, na Joe Owens. Mwaka 1970 vibarua waligoma kwa wiki tano wakapata nyongeza ya mishahara, na tangu hapo chama chao kikaheshimiwa.

Lazima tukae kidogo hapa, maana makala nyingi juu ya habari hii hukimbilia miti na majengo ya kale zikausahau mzizi wake. Viongozi wa tawi lile walilipwa mshahara uliolingana na wa kibarua kazini. Wakati wa mgomo hawakulipwa kitu. Tena waliweka kanuni kwamba kiongozi wa kuajiriwa asikae madarakani zaidi ya muda uliowekwa, kisha arudi kazini na sepetu yake. Mundey mwenyewe aliachia ukatibu mwaka 1973 kwa kanuni hiyo, wakati jina lake likiwa limevuma kuliko wakati wowote, na Owens akashika nafasi yake. Maamuzi makubwa yalifanywa katika mikutano ya wanachama wote. Bila misingi hiyo, kibarua asingekubali kuacha kazi yenye mshahara kwa ajili ya nyumba ya mtu asiyemjua.

Mapambano yenyewe yalianzia mahali pa ajabu. Huko Hunters Hill, kitongoji cha watu wenye nafasi kando ya mto Parramatta, palikuwa na kipande cha msitu kiitwacho Kelly's Bush. Kampuni ya A. V. Jennings ilitaka kujenga hapo nyumba za kifahari. Mwaka 1970 wanawake 13 waliunda kamati ya kupinga. Walikwenda kwa meya, kwa mbunge, kwa Waziri Mkuu wa Jimbo, hawakusikilizwa. Hatimaye wakawaendea vibarua.

Ndani ya chama yalizuka mabishano, na yalikuwa ya haki. Kwa nini mfanyakazi atoe jasho lake kutetea mandhari ya mabwanyenye wadogo? Chama kilijibu kwa kuweka sharti: wanawake hao waitishe mkutano wa hadhara, ijulikane kama ombi ni la umma au ni la watu 13 tu. Walihudhuria watu wapatao 600. Ndipo mwezi Juni 1971 vibarua wakatangaza kwamba hakuna mwanachama atakayegusa kazi ya Kelly's Bush. Kampuni ilipotishia kutumia watu wasio wa chama, vibarua waliokuwa wakijenga jengo lake jingine la ofisi North Sydney walikutana wakaamua: mti mmoja ukiguswa, jengo hilo la ofisi litabaki nusu milele. Kampuni ikanywea. Utaratibu wa Hunters Hill ukawa kanuni: wakazi waombe kwanza, kisha wanachama waamue. Chama hakikujipa mamlaka ya kuamulia mtaa.

Mwaka 1973 Mundey aliliita tendo hilo "marufuku ya kijani". Hadi 1974 marufuku hizo zilizidi 40, na miradi iliyozuiwa ilikadiriwa wakati ule kuwa ya thamani ya dola za Australia zaidi ya bilioni 3. Katika mtaa wa The Rocks, mahali Waingereza walipoanzisha koloni lao mwaka 1788, wakazi wakiongozwa na Nita McRae waliomba marufuku ikawekwa mwezi Novemba 1971. Oktoba 1973 polisi walipambana na waandamanaji hapo, na Mundey akabebwa juu juu kupelekwa garini.

Lakini ni Mtaa wa Victoria, karibu na Kings Cross, uliotoa somo chungu. Mwenye mtaji Frank Theeman alinunua safu ya nyumba za wapangaji akikusudia kuzibomoa na kusimamisha minara mirefu ya fleti, mradi wa dola milioni 40. Mwezi Aprili 1973 wapangaji wapatao 400 waliondolewa katika muda mfupi. Mmoja wa viongozi wa kamati ya wakazi alitekwa akafichwa siku tatu. Aliporudi alihama mtaa bila kueleza jambo. Baharia mmoja, Mick Fowler, aliyekuwa pia mpiga muziki wa jazi, alirudi kutoka safarini akakuta nyumba yake imefungwa. Mabaharia na vibarua wenzake wakamrudisha ndani kwa nguvu ya umoja wao, naye akakaa humo hadi 1976. Vijana walihamia katika nyumba nyingine zilizoachwa tupu, wakaishi humo hadi Januari 1974 walipotolewa na watu wa kukodiwa huku polisi wakiwapo.

Mabepari walikuwa wameng'amua kwamba mtaa hauwezi kuvunjwa kabla ya kuvunja chama. Mwezi Juni 1974 waajiri wa ujenzi walifaulu kufutiwa chama hicho usajili. Mnamo Oktoba mwaka huo uongozi wa taifa wa chama hicho hicho, chini ya Norm Gallagher aliyejiita Mmao, uliingilia kati tawi la New South Wales. Waajiri walimpokea Gallagher kwa mikono miwili na kuwaajiri wenye kadi zake tu. Machi 1975 viongozi wa tawi waliwaambia wanachama wao wajiunge upande wa Gallagher ili wasife njaa, na wenyewe wakafukuzwa uanachama. Msamiati wa kimapinduzi mtu anaweza kuujua wote. Katika miaka ya 1980 mahakama ilimtia Gallagher hatiani kwa kupokea manufaa ya siri kutoka kwa makampuni ya ujenzi.

Katika Mtaa wa Victoria mapambano yaliendelea kwa kalamu ya Juanita Nielsen, mwenye gazeti dogo la NOW na mkazi wa mtaa huo. Marufuku ya vibarua ilipovunjwa, alikiomba chama cha wafanyakazi wa maji kikaweka marufuku yake. Tarehe 4 Julai 1975 aliingia katika klabu moja ya Kings Cross, na hakuonekana tena. Uchunguzi wa mahakama wa mwaka 1983 ulikubali kwamba huenda aliuawa, lakini maiti yake haikupatikana, na hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji.

Je, nani alishinda? Jibu rahisi halipo. Kelly's Bush ilinunuliwa na serikali ya jimbo mwaka 1983 ikawa mali ya umma. Jimbo lilipitisha sheria ya urithi mwaka 1977 na ya mipango ya mazingira mwaka 1979. Minara ya Mtaa wa Victoria haikujengwa kama ilivyokusudiwa. Lakini nyumba nyingi za mtaa huo zilizookolewa ziliingia mikononi mwa matajiri waliopenda ukale wake. Kuta zilibaki, wapangaji waliondoka. Tofauti yake ni Woolloomooloo, bonde lililo chini ya mtaa huo. Huko mwaka 1975 serikali kuu, kupitia waziri Tom Uren, ilikubaliana na jimbo na halmashauri ya mji kujenga nyumba za umma, na wafanyakazi wakabaki. Marufuku iliyageuza mashamba mawili kutoka mikononi mwa bepari kwa muda. Lililookoka ni lile ambalo umiliki wake nao ulibadilika.

Tena kuna jengo la Sirius. Lilikamilika mwaka 1980 hapo hapo The Rocks, fleti 79 zilizopandana juu ya bandari, nalo lilijengwa na serikali kuwapa makazi wakazi waliotetewa na marufuku. Ni jengo refu la zege, na wakazi hawakulipinga. Walihamia humo kwa furaha. Mwaka 2014 serikali ya jimbo ilitangaza kuwaondoa wapangaji wa umma wa eneo hilo. Mwaka 2016 vyama vya wafanyakazi viliweka marufuku ya kijani kulilinda, na Mundey, mzee wa zaidi ya miaka 80, akasimama nao. Mahakama ilibatilisha uamuzi wa waziri wa kukataa kuliorodhesha kama urithi. Hata hivyo mwaka 2019 liliuzwa kwa dola milioni 150, likakarabatiwa kuwa fleti za kifahari. Mundey alifariki mwezi Mei 2020. Jengo halikubomolewa, na urefu wake ni ule ule.