Historia Iliyomo Kwenye Chupa ya Unga

Ukipita Instagram wakati wa Krismasi utaziona: chupa za kioo zilizojazwa tabaka kwa tabaka, dengu, mchele, maharagwe, viungo, juu yake kitambaa na utepe. Ni zawadi. Unamwaga kwa sufuria, unaongeza maji, unapika. Wengi wetu tuliliona wazo hili kwa video za Marekani, ndio maana tunalichukua kama kitu kipya. Lakini kama umelelewa Kisumu, au popote ufuoni kuanzia Usenge hadi Mbita, chakula kikavu kilichochanganywa na kufungiwa mtu mwingine ushakijua tangu utotoni. Ni unga wa uji.

Mama aliyejifungua huletewa. Mtoto anayerudi Nairobi hubebeshwa. Ukiuliza ndani kuna nini, utatajiwa wimbi, mtama, mahindi, muhogo, njugu, omena. Orodha hiyo haikuja kwa siku moja. Kila kimoja kiliingia kwa wakati wake, na mara nyingi kuna shida iliyokileta.

Anza na wimbi na mtama, kal na bel kwa Dholuo. Hizi ni nafaka za Afrika. Kilimo cha wimbi kilianza kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Punje yake ni ndogo na wadudu hawaishambulii kirahisi, kwa hivyo inaweza kukaa ghalani miaka. Mtama mwekundu nao una ukakasi ambao ndege hawaupendi. Nafaka ilikaa kwenye dero, ghala la nyumbani, na akina mama waliisaga kwa jiwe, pong. Inasemekana hata jina Kisumu limetokana na neno la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana: mwenye samaki akutane na mwenye nafaka.

Mahindi yalifika pwani na Wareno karne nyingi kabla, lakini huku Nyanza yalitawala enzi za ukoloni. Reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu, Desemba 1901. Serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya nyumba, na ilitaka pesa taslimu. Ungezipata kwa kuuza mazao au kwa kuuza nguvu zako. Wanaume wakaondoka kwenda Nairobi, Mombasa, na mashamba ya majani chai Kericho. Kazi ya shamba ikabaki kwa wanawake. Mahindi yamefunikwa maganda, kwa hivyo hayahitaji mtu kushinda shambani akifukuza ndege. Mtama unahitaji. Palipokosekana mikono, mahindi yalishinda.

Ona hapo kilichotokea: kitu kilekile kilichompeleka baba mbali ndicho kilichobadilisha unga wa nyumbani. Na sasa kukawa na mtu wa mbali wa kutumiwa huo unga.

Muhogo asili yake ni Amerika Kusini. Miaka ya 1930, baada ya nzige na ukame, serikali ilisukuma watu waupande kama akiba ya njaa. Sababu ni rahisi: nzige hawezi kula kilicho chini ya udongo. Ukakatwa, ukakaushwa, ukaingia kwenye unga.

Halafu omena. Watu wameila zamani, lakini haikuwa na cheo. Miaka ya 1950 na mapema 1960 mbuta aliwekwa ziwani, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshawala fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia, hadi wengi wakatoweka. Viwanda vya minofu vikafunguliwa, mnofu ukapanda ndege kwenda Ulaya, na mifupa ikabaki kwetu. Tukaikaanga, tukaiita mgongo wazi. Kwa nyumba nyingi, samaki mzima wa bei nafuu aliyebaki alikuwa omena, anayevuliwa usiku kwa taa na kuanikwa na akina mama mchana. Ndio akaingia kwenye uji wa mtoto.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Simu za ushauri zilikuwa nyingi, zingine kali. Lakini unga wa mamangu uliendelea kufika kwa basi la usiku, kwenye kopo la siagi lililofungwa kwa nailoni, kiasi kilekile cha siku zote. Haukuniuliza chochote. Nadhani ndivyo zawadi hii imefanya kazi ufuoni kwa miaka mingi: haimwambii aliye mbali arudi, inamwambia ale.

Swali ni kama itaendelea. Sehemu kubwa ya omena sasa inanunuliwa kutengeneza chakula cha kuku na mifugo. Mama mwenye gorogoro pale Kibuye anashindania dagaa huyo na kiwanda chenye lori. Kila mwaka, Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena hufungwa ili azaane, na bei hupanda. Tukizoea kusema hii ni chakula ya maskini, hatutagundua siku maskini watakapokosa kuinunua.

Kwa hivyo ukiamua kumtengenezea mtu chupa, itengeneze kwa heshima inayostahili. Kausha kila kitu kabisa kabla ya kusaga. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu, aflatoksini, yaliua watu 125 Kenya, wengi wakiwa Makueni na Kitui, na unyevu ndio rafiki wa kuvu. Omena na njugu zifunge kando, kwa sababu mafuta yake huchacha haraka na kuharibu unga wote. Utepe ni hiari. Mwandikie mpokeaji kila kitu kimetoka wapi, na nani alikianika.