Ardhi Hutikisika, Nyumba Ndiyo Huua

Sisi tuliokulia Chemchem, mjini Tabora, hatukufundishwa kuiogopa ardhi. Wanajiolojia wanatupa sababu: Unyamwezi umekaa juu ya mwamba mkongwe, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, na Bonde la Ufa limeuzunguka, tawi moja limepita mashariki, jingine magharibi.

Lakini njia ya misafara haikuishia Tabora. Wapagazi waliokwenda Ujiji waliuacha mwamba huo tulivu na kuteremka kwenye ufa wenyewe. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, ni ufa uliojaa maji, na kingo zake zingali zinaachana kwa milimita chache kila mwaka. Mwambao wake, pamoja na Rukwa iliyo kusini-mashariki yake, una historia ya mitetemo ambayo shule zetu haziifundishi.

Tarehe 13 Desemba 1910, chini ya utawala wa Wajerumani, Rukwa ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa barani Afrika katika karne ya 20. Reli ilikuwa haijafika hata Tabora. Vyombo vya ng'ambo vililinasa, nasi tukalisahau. Tarehe 5 Desemba 2005 ziwa lilitikisika tena, kwa ukubwa wa 6.8, nyumba zikaanguka Kalemie, ng'ambo ya Kongo, na mtikisiko ukasikika hadi Nairobi.

Kisha ikaja Kagera, tarehe 10 Septemba 2016. Ukubwa ulikuwa 5.9 tu, kwa nguvu, tetemeko la Rukwa lililizidi zaidi ya mara 100. Hata hivyo watu 17 walifariki, maelfu ya nyumba yakabomoka au kupasuka, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibiwa vibaya. Baadaye ukazuka mjadala mkali wa kitaifa kuhusu michango: ijenge upya majengo ya umma, au nyumba za walioathirika? Serikali ilichagua majengo ya umma.

Mimi nauona mjadala ule kuwa ulianza mahali pasipo pake. Wahaya wa kale waliishi katika msonge, nyumba ya miti na nyasi inayoyumba bila kumponda mwenyeji wake. Wajukuu wao wamehamia katika kuta za matofali zisizo na nondo. Sisemi turudi kwenye msonge. Tofali ni maendeleo halali ya mwananchi. Nasema kwamba aliyemruhusu kujenga alipaswa kumweleza ardhi yake ina tabia gani.

Leo Kigoma, Sumbawanga na Bukoba zinapanuka, na reli mpya inajengwa kutoka Tabora kuelekea Kigoma, ikifuata mwelekeo ule ule wa wapagazi. Kwa hiyo nawaomba watumishi wa halmashauri wanaosoma hapa: kabla ya kugonga muhuri kwenye ramani ya nyumba, ulizeni kuhusu mkanda wa zege na nondo zake. Nanyi wanafunzi, waendeeni wazee wa mwambao mkaandike wanayoyakumbuka. Mwaka 1910 tulikuwa na udhuru, kwa kuwa dola haikuwa yetu. Tetemeko lijalo halitatukuta na udhuru huo.