Nidhamu ya Majibizano: Udhibiti wa Matusi katika Ushairi wa Pwani

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi jamii ya Waswahili ilivyoidhibiti lugha ya uhasama katika majibizano ya hadhara tangu mwanzo wa karne ya 19. Majibizano hayo yamezoeleka kutazamwa kama sanaa. Hapa twayatazama kama chombo cha kuchunga ndimi.

Mfano ulio bora ni ule wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840. Yeye alitunga mashairi ya kuwabeza mahasimu wa utawala wa Mazrui, na huko Lamu walikuwako walumbi wa kumjibu, akiwamo mtawala wake, Bwana Zahidi Mngumi. Uhasama ulikuwa mkali. Hata hivyo haukuachwa useme utakavyo. Kwanza, mjibuji alitarajiwa kuifuata bahari ya mwenziwe: mishororo minne, mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho. Hasira inayolazimika kuhesabu mizani hupata muda wa kupoa. Pili, kijembe kilivishwa fumbo. Aliyelengwa alijijua, wala heshima yake haikuvuliwa nguo mbele ya watu. Tatu, mwamuzi alikuwa hadhira: shairi lililopendeza lilikaririwa, na lililochusha likafa. Tungo za Muyaka zilihifadhiwa vifuani kwa miongo mingi kabla ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah kumkusanyia W. E. Taylor mwishoni mwa karne hiyo.

Yafaa, hata hivyo, tusiitukuze nidhamu hii kupita kiasi. Haikuizuia vita ya Shela ya miaka ya 1812 au 1813, ambamo Mombasa na Pate zilishindwa na Lamu. Adabu ya maneno si amani. Huenda beti tamu ziliuchochea moto uleule zilioupamba.

Katika karne ya 20 hatamu zilibadilisha mikono. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanzishwa 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika, lilifungua uwanja mpana kwa washairi. Lakini sasa aliyeamua lipi lipite na lipi lisipite alikuwa mhariri, si hadhira. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alizichapisha sheria za utungaji, na desturi ya wengi ikawa kanuni ya kitabu.

Mbele zaidi ya mhariri kuna dola. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa ajili ya waraka wake wa 1968, *Kenya: Twendapi?*, nathari iliyosema waziwazi bila fumbo. Gerezani alizirudia silaha za wahenga wake: vina, mizani na mafumbo, kama tuonavyo katika *Sauti ya Dhiki* (1973). Fumbo lililokuwa likimsitiri anayetupiwa kijembe sasa lilimsitiri msemaji mwenyewe.

Hapa ndipo lilipo funzo la historia hii. Kila uwanja wa mazungumzo wahitaji mipaka, ama sivyo mwenye sauti kubwa huwafukuza wenye hoja. Lakini thamani ya mpaka hutegemea ni nani aliyeuchora. Ukichorwa na walumbi pamoja na wasikilizaji wao, huitwa adabu. Ukichorwa na yule anayelaumiwa, ili asilaumiwe, jina lake ni kufunga watu vinywa. Ni wajibu wetu sisi tunaofundisha fasihi hii kuwafahamisha wanafunzi wetu tofauti hiyo.