Ugonjwa sugu au ugonjwa wa kudumu? Neno la kuamua kabla ya kuunda programu ya simu

Kisukari, presha, pumu, kifafa na selimundu vina jina moja la pamoja katika mabango mengi ya afya: magonjwa sugu. Jina hili limezoeleka mno. Anayeunda programu ya simu kwa ajili ya wagonjwa hawa huliandika kwenye ukurasa wa kwanza, kisha akahangaikia rangi na vitufe. Mimi naona kazi ianzie kwenye jina lenyewe, kwa sababu jina hili laweza kumfanya mgonjwa aziache dawa.

Sugu kwanza ni ile ngozi iliyokomaa kiganjani kwa kusuguliwa na mpini wa jembe. Mkulima wa Kisaka, wilayani Serengeti, hahitaji kamusi kulielewa. Kutoka kiganjani neno likahamia kwenye tabia za watu: mhalifu sugu, mdaiwa sugu, mlevi sugu. Huyo ni mtu aliyeonywa, akaadhibiwa, na bado hasikii. Wataalamu wa tiba nao wanalitumia kwa maana hiyohiyo. Kifua kikuu sugu, ambacho hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro inajulikana kwa kukitibu, ni kile ambacho vimelea vyake vimezishinda dawa za kawaida. Kuna pia UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, onyo tunaloambiwa kila tunapomeza antibayotiki bila kumaliza dozi.

Sasa mweke mzee mmoja mbele ya maneno haya yote. Redio imemwambia kwamba usugu ni dawa kushindwa. Muuguzi anamwambia presha yake ni ugonjwa sugu. Akiamua kwamba vidonge ni kujisumbua bure, mzee huyo atakuwa amekielewa Kiswahili sawasawa. Waliokosea ni waliompa neno hilo.

Dhana yenyewe haina habari ya ukaidi. Neno la kitabibu la Ulaya kwa magonjwa haya lilitokana na jina la Kigiriki la wakati, na kinachosemwa humo ni urefu wa muda tu: ugonjwa uliokuja kukaa. Presha ni tiifu sana kwa dawa, na sukari hushuka mtu akipata insulini au vidonge na chakula kinachofaa. Hurudi juu pale tiba inapokatika. Kwa hiyo ugonjwa huu hauendi, lakini unatawalika, na jina zuri linapaswa kusema la kwanza bila kulikana la pili. Ugonjwa wa kudumu unafanya hivyo.

Kuna washindani wawili. Magonjwa yasiyoambukiza ni jina rasmi, na mpango wa taifa wa Tanzania uliozinduliwa mwaka 2019 unalibeba. Lakini hilo linajibu swali jingine, la namna ugonjwa unavyopatikana. VVU vinaambukiza, na bado mtu anayemeza dawa zake kila siku anaishi maisha yaleyale ya kadi, tarehe na vidonge kama mwenye kisukari. Programu moja ingeweza kuwahudumia wote wawili, ila jina hilo linawatenganisha. Magonjwa ya muda mrefu nalo ni jina pole, lakini muda mrefu una mwisho. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita, na miezi sita ni mirefu kwa anayeihesabu, ila ikiisha imeisha. Mama wa mtoto mwenye selimundu anapaswa kusikia tangu mwanzo kwamba safari yake si ya namna hiyo.

Tunao mfano wa istilahi iliyotengenezwa vizuri, tena katika kliniki zetu: dawa za kufubaza VVU. Kitu kilichofubaa kimepoteza nguvu na mng'ao, lakini kipo. Neno hilo moja linamweleza mgonjwa kwamba kirusi hakijafa na kwamba kumeza dawa kuna maana, na linamweleza bila hotuba. Nalipenda sana neno hili. Selimundu pia limejengwa kwa akili, seli yenye umbo la mundu, ingawa akina mama wengi bado wanasema sikoseli, na programu yenye busara itayaandika yote mawili. Kwa Kanda ya Ziwa jambo hili ni zito, kwani ni miongoni mwa sehemu za nchi zenye selimundu kwa wingi, na hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando, iko Mwanza, mbali na Kisaka kwa mtoto aliyeshikwa na maumivu ya mifupa.

Katika vijiji vya Serengeti na Tarime mtu huugua kwa Kingoreme au Kikurya, kisha akaeleza ugonjwa wake kwa Kiswahili akifika zahanati. Neno la Kiswahili lisilokaa sawa hupinda mara ya pili linapotafsiriwa nyumbani kwa bibi asiyekijua. Ukimwambia mjukuu amweleze bibi kwamba ugonjwa wake ni sugu, atatafuta neno la lugha yao lenye maana ya kutosikia dawa. Ukimwambia ni wa kudumu, atasema ugonjwa huu utakuwa nasi, na hapo ndipo mazungumzo ya dawa yanapoweza kuanza.

Neno hili pia linabadilisha kile ambacho programu inafanya. Kliniki zina istilahi nyingine, ufuasi wa dawa, na anayekosa kufika huitwa mtoro. Ufuasi unamtazama mgonjwa peke yake: amefuata au hakufuata. Programu iliyojengwa juu ya neno hilo huhesabu dozi zilizokosekana na kutuma karipio. Iliyojengwa juu ya kudumu inajua kwamba katika miaka 20 kutakuwa na msiba, mavuno, mimba, na siku ambayo dirisha la dawa litakuwa halina dawa. Hiyo itauliza kilichotokea.

Mfano wa kuuliza tunao, na ni wa Kiswahili. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti wa WelTel nchini Kenya waliwatumia wagonjwa walioanza dawa za VVU, katika kliniki mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, ujumbe mfupi mmoja kila wiki: «Mambo?» Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, sawa au shida. Aliyejibu shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010: kati ya wagonjwa 273 waliopata ujumbe, 168 walieleza kwamba wametumia dawa ipasavyo, wakati katika kundi la 265 wasioupata walikuwa 132. Wagonjwa 156 wa kundi la kwanza walikuwa na virusi vilivyofubazwa, dhidi ya 128 wa kundi la pili.

Ujumbe huo haukutaja ugonjwa wala dawa. Kisaka hilo ni sharti, kwa kuwa simu moja hupita mikono ya mume, mke na watoto, na meseji yenye jina la ugonjwa husomwa na yeyote aliyeishika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Basi istilahi niliyoitetea ina mahali pake: kwenye kadi, kwenye mafunzo, kinywani mwa muuguzi. Kwenye kioo cha simu inatosha salamu.

Tena salamu inafika kwenye kiswaswadu. Programu-tumizi nzuri yenye michoro inataka simu janja na bando, lakini kubonyeza nyota na namba watu wamekwisha kujifunza kwa kutuma pesa, na ujumbe mfupi haudai intaneti. Kwa asiyesoma, sauti iliyorekodiwa kwa Kingoreme au Kikurya ingefaa kuliko maandishi yoyote.

Kule Kenya nyuma ya salamu kulikuwa na mtu aliyepiga simu baada ya neno shida kuingia. Huku kwetu mtu huyo angeweza kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, chini ya mpango uliozinduliwa Januari 2024. Mchoro wa programu unaonyesha seva, hifadhidata na skrini. Uonyeshe pia ni nani anapokea shida ya Jumatatu asubuhi, kwa simu ya nani, na vocha yake inalipwa kutoka fungu gani.